Anasomea Samaki, Sheria Imeingiaje? Kuelewa Masomo ya Fani Mtambuka Vyuoni

Mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado haijakata Kigoma, nilishuka mwalo wa Kibirizi kununua dagaa kwa mama ambaye nimekuwa mteja wake kwa miaka. Siku hiyo dagaa hawakupimwa haraka. "Mwakeye mwalimu," alinisalimia, akaniketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, kisha akaanza kulalamika. Kijana wake yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea uvuvi. Amerudi likizo na daftari la maswali, na maswali yenyewe hayana samaki ndani. Anamuuliza mama yake amekopa kiasi gani kwenye kikoba, nani anashika hela nyumbani, anaanika juu ya mchanga au juu ya chanja, na tangazo la kufungwa kwa ziwa alilisikia kwa nani.

"Mimi nililipa ada asomee samaki. Sasa ananihoji kama afisa mikopo. Wamembadilishia kozi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Na hayuko peke yake. Tangu Machi 2024, serikali ilipotangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano na jumla yake ikafika 65, wazazi wamekuwa wakikutana na michanganyiko ya masomo ambayo enzi zao haikuwepo. Vyuoni nako mitaala imekuwa ikipitiwa upya, hasa chini ya mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ule wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, ambao ndio pia ulioleta ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hapa kwetu Kigoma. Kwenye taarifa hizo zote linapita neno moja pamoja na ndugu zake: fani mtambuka, taaluma mseto, mtaala unganishi. Linapita mbio kama basi lililojaa, halisimami kituoni. Ngoja tulisimamishe.

Kwanza, fani ni nini?

Wengi tunadhani fani ni rundo la mambo ya kukariri: mwenye uvuvi amekariri samaki, mwenye sheria amekariri vifungu. Mimi ningesema fani ni mazoea ya kuuliza. Chukua mgebuka mmoja, samaki wa Ziwa Tanganyika hapa kwetu. Mwanabiolojia atampasua tumbo aone mayai na alichokula. Mchumi hatamgusa, atauliza mwaloni amenunuliwa shilingi ngapi, sokoni Mwanga ameuzwa ngapi, na tofauti imeingia mfuko wa nani. Mwanasheria atataka kujua wavu ulikuwa na matundu ya ukubwa gani. Mtaalamu wa lishe atauliza amekaa juani saa ngapi kabla ya kuingia sufuriani. Samaki ni yule yule na hakuna kati yao aliyekosea. Ila kila mmoja ana aina ya ushahidi anaouamini, ana maneno yake, na ana vitu ambavyo amezoea kutoviona.

Sasa nenda Katonga umkute fundi wa boti kazini. Mbao zimelala mchangani moja kando ya nyingine, zimeshapigwa randa, safi kabisa. Ukizisukuma majini zilivyo, zitaelea kila moja kivyake na hazitambeba hata mtoto. Fundi anazipigilia kwenye mbavu za boti, halafu ndipo inapoanza kazi ambayo wapita njia hawaitazami: anasokota pamba yenye mafuta na kuishindilia kwa patasi na nyundo kila mahali ubao unapokutana na ubao. Kazi hiyo inachosha, na fundi akiiharakisha utaijua siku ya kwanza ziwani. Maji hayapiti katikati ya ubao. Yanapita kwenye maungio.

Chuo kikimpa mwanafunzi biolojia Jumatatu, uchumi Jumanne na sheria Jumatano, kila mwalimu akaja na notisi zake na mtihani wake, hapo ana mbao tatu nzuri zilizolala mchangani. Hayo ni masomo ya fani nyingi. Si mabaya, ila kuyaunga ameachiwa mwanafunzi mwenyewe, na mara nyingi hayaungi. Fani mtambuka ni pale swali moja linapowekwa mezani, fani hizo zikalizunguka, na walimu wakamfundisha mwanafunzi namna ya kuziunganisha: wapi zinakubaliana, wapi zinagombana, na wapi zinatumia neno moja kwa maana mbili. Ipo na ngazi ya tatu, pale mvuvi na muanikaji wanapokaa kwenye meza hiyo tangu swali linapotungwa, wakiwa wenye maarifa, maana kwa kawaida huitwa mwishoni kuja kusomewa matokeo. Ngazi hizi tatu zilianza kutajwa sana baada ya mkutano wa wasomi uliofanyika Nice, Ufaransa, Septemba 1970, chini ya shirika la OECD, ambako mwanasaikolojia Jean Piaget alikuwa mmoja wa waliohangaika kuyapa maneno haya mipaka.

Mwenye shahada ya chuo cha hapa nchini atakuwa ameshanyanyua mkono: mbona sisi tulisoma DS? Kweli. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Dar es Salaam kulikuwa na mjadala mkali juu ya msomi anayehitimu akijua fani yake lakini asiijue nchi yake, na katika mjadala huo likazaliwa somo la Taaluma za Maendeleo, ndiyo hiyo DS, ambalo taasisi yake pale chuo kikuu ilianzishwa mwaka 1973. Wazo lilikuwa la kusuka fani pamoja. Lakini mimi nilikosoma, DS ilitufikia kama ubao wa ziada. Ukumbi mkubwa, watu mia kadhaa, wa uhandisi wamekaa nyuma wanafanya hesabu zao, na hakuna siku hata moja mwalimu wa hesabu alisema neno juu ya kilichofundishwa mle ukumbini. Tulikariri, tukafaulu, tukasahau. Kwa hiyo mzee anayesema "haya mambo yalikuwepo zamani na hayakusaidia" ana hoja. Anachokikumbuka ni mbao zake, na boti hakuwahi kuonyeshwa.

Ziwa lilipofungwa

Mfano mzuri kuliko wote tunao mlangoni. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, Ziwa Tanganyika upande wetu lilifungwa, hakuna kuvua, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Haukuwa uamuzi wa Tanzania peke yake. Ziwa ni la nchi nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, na nchi hizo zina mkataba wa mwaka 2003 na mamlaka ya pamoja yenye makao Bujumbura.

Kule mwaloni maswali yalikuwa matatu. Samaki wamepungua kweli, au wamekimbilia chini? Kwa nini miezi hiyo? Na sisi tutakula nini?

Swali la kwanza linaonekana la biolojia, lakini mwenye funguo zake ni mtu wa fizikia. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 penye shimo refu kuliko yote. Duniani linazidiwa na Baikal la Urusi tu. Mtu akisikia hivyo anasema basi samaki wana nafasi ya kujificha. Hawana. Maji ya juu yana joto na ni mepesi, ya chini ni baridi na mazito, na hayachanganyiki kirahisi; ni kama mawese yanavyokaa juu ya mchuzi usiokorogwa. Hewa ya oksijeni haivuki tabaka hilo. Upande wetu wa kaskazini inaishia takribani mita 100, kusini takribani 200. Chini ya hapo ni maji matupu yasiyo na pumzi, zaidi ya kilomita nzima kwenda chini, na mgebuka hawezi kuishi humo. Kwa hiyo "wamekimbilia chini" ni kweli kwa mita chache tu.

Mbolea ya ziwa, yaani mabaki ya kila kilichokufa, inazama huko huko chini. Inayoipandisha ni upepo wa kusi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo huo unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji baridi yenye mbolea yanapanda kuziba pengo. Vijidudu vya majini vinakula, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa, na sisi tunawala wote wawili. Maji ya juu yakizidi kupata joto, kifuniko kinakuwa kigumu zaidi na upepo ule ule unakoroga kidogo kuliko zamani. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya ziwa letu uliosema jambo hilo: joto limepunguza uchanganyikaji wa maji, na pamoja nao chakula cha samaki. Maana yake ni kwamba hata nyavu zote zikichomwa moto leo, sehemu ya tatizo itabaki majini.

Hapo mwanabiolojia anaingia na habari zake. Dagaa anaishi muda mfupi, takribani mwaka mmoja au zaidi kidogo, na anazaa sana. Mgebuka anaishi miaka kadhaa. Mapumziko ya miezi mitatu hayawezi kuwa na maana ile ile kwa wote wawili. Usiku dagaa wanapanda juu kufuata vijidudu, ndiyo maana tunavua kwa taa, na ndiyo maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala nyumbani. Ziwa kumbe lina likizo yake ya kila mwezi tangu enzi za mababu, haikusubiri tangazo.

Mchumi naye anauliza: mwenye boti aliyekopa injini, rejesho la Juni analitoa wapi? Mtu wa sosholojia anagundua kwamba tangazo linamsema mvuvi, na mvuvi ni mwanamume aliye majini, wakati nchi kavu kuna wanawake wengi waanikaji na wachuuzi ambao hawana wavu wala boti na hawakutajwa. Mwanasheria anauliza itakuwaje upande mmoja wa ziwa ukilala na upande mwingine ukivua.

Mpaka hapa nimekupangia mbao tu. Ningeweza kuacha hivi, na vyuo vingi huacha hivi: kila mtu ameongea, ripoti imefungwa, sura ya kwanza biolojia, sura ya pili uchumi.

Kusuka fani kunaanzia kwingine, kwenye ugomvi. Wachukue wanafunzi watatu wakae meza moja na mvuvi mmoja, waambie waandike sentensi moja tu: "Samaki wamepungua." Wa biolojia anaposema wamepungua, anawaza uzito wa samaki wote waliomo majini. Wa uchumi anawaza kilo zilizouzwa kwa mwaka. Mvuvi anawaza ndoo alizopata jana usiku ukilinganisha na petroli aliyochoma. Hivyo ni vipimo vitatu tofauti, na vinaweza kupingana: boti zikiongezeka, kilo za mwaka zinapanda huku ndoo za kila mvuvi zinashuka. Mmoja ataapa samaki wapo, mwingine ataapa wameisha, na wote wawili wana takwimu. Nusu ya kelele nilizozisikia mwaloni mwaka ule zilikuwa za namna hiyo, watu wazima wakigombania neno moja lenye matumbo matatu. Mwanafunzi aliyefundishwa kuligundua hilo na kulisema kwa adabu mbele ya mvuvi mwenye umri wa baba yake, huyo ameshapata kitu ambacho hakimo kwenye notisi ya fani yoyote kati ya zile tatu.

Na hapo swali lenyewe hubadilika. Badala ya "tufunge au tusifunge", mtu anauliza: tukihesabu siku ambazo mbalamwezi inatulaza, tuna mapumziko kiasi gani tayari, na je, yanaangukia wakati wa mazalia? Mwingine anauliza lililo kubwa zaidi: kati ya dagaa wanaovuliwa, wangapi hawafiki mezani? Msimu wa mvua dagaa wanaoanikwa mchangani wanaloa, wanaoza, au wanauzwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliwahi kusaidia waanikaji kuhamia kwenye chanja za wavu zilizoinuliwa, samaki wakakauka haraka, bila mchanga, na wakaharibika wachache zaidi. Ikiwa dagaa wachache wanaharibika, kipato kinaweza kubaki pale pale hata wanaovuliwa wakipungua. Hilo ni jibu la uvuvi ambalo halimo majini. Limo kwenye mbao nne na wavu, kwa mwanamke ambaye tangazo halikumtaja, na kama ana mtaji wa kununua wavu huo au hana.

Umeona sasa kwa nini kijana alimuuliza mama yake habari za chanja na kikoba?

"Mshika mawili moja humponyoka"

Hiki ndicho kikwazo cha kwanza, na kinasemwa na watu wenye akili zao: anayesoma kila kitu hajui kitu. Methali ina haki yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajakaa na fani yoyote hana cha kuleta mezani. Atakuwa mtu wa maneno matamu, na maneno matamu hayazibi boti. Programu nzuri humpa nanga kwanza, fani moja anayoijua mpaka chini, halafu humwongezea kamba afike kwa majirani. Hatarajiwi kuwa mchumi. Anatarajiwa kumwelewa mchumi anaposema, kumuuliza swali la maana, na kujua lini amwite. Ukiona kozi ina kamba tupu bila nanga, hofu yako ni ya haki.

Wengine husema haya ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa na miradi. Kwa watu wa Kigoma hoja hii ina kichekesho chake, kwa sababu dunia inakuja kujifunzia kwetu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe, hifadhi ya hapa Kigoma, Julai 1960, msichana wa miaka 26 asiye na shahada, na pengine kwa kutokuwa nayo aliwatazama sokwe kwa namna ambayo fani ya wakati huo ilikuwa imejikataza: aliwapa majina pale wasomi walipotaka namba. Lakini somo langu halipo kwenye sokwe. Lipo kwenye vilima. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 misitu nje ya hifadhi ilikuwa imekwisha kufyekwa, na ikawa wazi kwamba huwezi kumlinda sokwe kwa elimu ya sokwe peke yake. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE vijijini, unaogusa vitalu vya miti, na maji, na afya, na mikopo midogo kwa akina mama, na kusomesha wasichana, na baadaye picha za setilaiti za kupangia matumizi ya ardhi, huku wanakijiji wakisema wao wenyewe kinachowauma. Hakuna idara moja ya chuo inayofundisha hayo yote. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na mengi yaliyoandikwa yalikuwa ya sokwe. Wanakijiji wa pembeni ya Gombe wana hadithi nyingine, ya miche ya miti na kisima.

Nikumbushe na Kagunga, Mei 2015. Kijiji kidogo cha wavuvi kwenye mpaka wa Burundi, ziwa mbele, mlima nyuma, kikapokea makumi ya maelfu ya wakimbizi ndani ya siku chache, kisha kipindupindu kikaingia. Dawa ya kipindupindu daktari anaijua: maji, chumvi, sukari, dripu kwa aliyezidiwa. Lakini barabara ya gari haikuwepo. Watu walitolewa kwa njia ya ziwa, na meli iliyofanya kazi hiyo ni MV Liemba, chombo cha Wajerumani cha kabla ya Vita ya Kwanza, iliyotia nanga mbali kidogo huku watu wakifikishwa kwa mitumbwi. Daktari, mtu wa maji safi, nahodha, mwanasheria wa wakimbizi, na Muha anayesikilizana na Mrundi bila mkalimani: aondoke mmoja, wengine wanakwama. Unapotafakari madaktari watakaosomea Kigoma wafundishwe vipi, hapa pana mtihani wao wa kwanza.

Hofu ya ajira nitaisema bila kuipaka sukari, kwa sababu ni ya kweli. Matangazo ya kazi serikalini huandika shahada kwa jina: awe na shahada ya hiki au hiki. Mwenye shahada yenye jina geni anaweza kuchujwa kabla mtu hajasoma alichojifunza, na bodi za kitaaluma, kama ile ya wahandisi, husajili kwa kutazama ulichosomea. Kwa hiyo mzazi na kijana waangalie kwanza kama programu imetambuliwa na TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, kisha waulize ni tangazo gani la kazi limewahi kuitaja. Njia salama kwa sasa, kwa maoni yangu, ni shahada yenye jina linalojulikana ambayo ndani yake imeweka kazi za fani mtambuka, kama alivyofanyiwa kijana wa Kibirizi. Kozi haikubadilishwa jina. Ni uvuvi ule ule, kwa maswali mapana zaidi.

Darasani jambo hili lina sura kadhaa. Maarufu zaidi ni kuanza na tatizo kabla ya somo. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1969, kiliwaweka vikundi vidogo mbele ya kisa cha mgonjwa, watafute wenyewe wanahitaji kujua nini kuhusu mwili, dawa na familia ya mgonjwa huyo. Njia hiyo imeenea dunia nzima. Kwetu inakwama kwenye jambo ambalo kila mwanafunzi analijua: kazi ya kikundi. Watu wanane, mmoja anaandika usiku kucha, sita wanaandikwa majina, na mmoja anapiga simu kuuliza kama jina lake limeandikwa kwa usahihi. Ndiyo maana mwalimu makini haishii kwenye ripoti. Anamwita kila mmoja peke yake na kumuuliza juu ya sehemu ambayo si ya fani yake. Wa biolojia aeleze hoja ya mchumi, mpaka mchumi mwenyewe akubali kwamba ameelezwa sawasawa. Huwezi kudandia mtihani wa namna hiyo.

Na walimu? Wengi wanalipenda jambo hili midomoni. Lakini kipindi cha walimu wawili kinahesabiwa cha idara ipi? Vyeo vinapanda kwa machapisho, na machapisho yanasomwa na watu wa fani yako. Ratiba za idara mbili hazikutani mpaka mtu azibembeleze. Mimi mwenyewe niliwahi kupanga kipindi cha pamoja na mwenzangu wa jiografia, na kilichotushinda hakikuwa elimu. Kilikuwa ufunguo wa chumba.

Dagaa wakaloa

Nilimweleza mama yule haya yote kwa ufupi kuliko nilivyoandika hapa, tena kwa kuchanganya na Kiha changu kibovu kilichomfanya hatimaye acheke. Alinisikiliza. Kisha akamwita kijana, aliyekuwa amesimama pembeni na daftari lake kama mtu aliyeletwa mbele ya balozi wa nyumba kumi.

"Hebu soma ulichoandika kwenye chanja."

Kijana akasoma: chanja ya mbao na wavu wa waya, urefu kadhaa, inadumu misimu kadhaa.

"Futa hiyo misimu," akasema mama. "Waya unashika kutu, dagaa wakibaki na alama nyekundu mteja hawataki. Wanaotumia wavu wa zamani wa kuvulia hawana shida hiyo. Na urefu huo, mimi sifiki katikati bila kulala juu ya samaki. Uliipimia nani, mwalimu wako?"

Kijana akafuta. Akauliza urefu wa mkono wake, akaupima kwa rula ya daftari, kuanzia begani. Alikuwa bado anaandika tone la kwanza lilipodondoka kwenye karatasi. Mama akapiga kelele, majirani wakapiga kelele, na sote tukakimbilia mchangani kuzoa dagaa kwa mikono, kijana akiwa ameficha daftari ndani ya shati. Tuliokoa kama nusu. Wangu nilipimiwa kutoka kwenye hao walioloa kidogo, na bei haikupungua.